Mvua, Moto na Kipunji

Mji wa Tukuyu hupokea mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali mji wa Mbeya, ulio mbali nao kwa mwendo wa kilomita 70 hivi za barabara, hupokea nusu ya kiasi hicho au pungufu. Na msafiri atokaye Mbeya wakati wa kiangazi, akaiacha njia panda ya Uyole na kupanda taratibu hadi Isongole, kisha akateremka Kiwira, huiona tofauti hiyo kwa macho yake kabla hajaisoma katika daftari lolote la hali ya hewa, kwa kuwa vumbi humuaga njiani, ukungu humlaki, na migomba, mianzi na chai iliyopogolewa sawasawa humzunguka kulia na kushoto. Wenyeji hawalistaajabii jambo hili, kwani walizaliwa ndani yake. Aghalabu mambo ya kila siku ndiyo yanayokosa muulizaji, na mimi nimeziandika kurasa hizi kwa sababu naamini ya kwamba wilaya ya Rungwe ina maswali mengi ya ilimu yaliyolala mlangoni pa mkulima, na ya kwamba mkulima huyo mara nyingi ana sehemu ya jawabu ambayo hakuna aliyemwendea kuiuliza.

Nilikuwa nimejikinga mvua katika kibaraza cha duka karibu na stendi ya Tukuyu, na kando yangu ameketi bibi mmoja nyuma ya mikungu yake ya ndizi, kanga moja kaifunga kichwani na nyingine kaifunika juu ya bidhaa.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia. "Mvua hii itakatika saa ngapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mvua ya hapa haikatiki, hupumzika," akajibu, huku akizigeuza ndizi zake moja moja kutafuta iliyopondeka. "Lakini hii ni ya mlimani, haina nguvu. Ya ziwani huja na radi, ikamwaga, ikaondoka. Ya mlimani haina kelele, ila utakaa nayo mpaka jioni."

Nilimshukuru, na moyoni nikamshukuru zaidi, maana katika maneno yale machache alikuwa ameigawa mvua ya Rungwe katika mafungu mawili ambayo mtaalamu wa hali ya hewa angeyagawa vivyo hivyo. Ziwa Nyasa, lenye urefu unaopita kilomita 550, limelala chini kwa upande wa kusini, uso wake ukiwa mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Na kilele cha Rungwe, kisicho mbali na ncha ya kaskazini ya ziwa hilo, kimesimama mita 2,961. Upepo wa kusi upitao juu ya maji yale hunywa unyevu njia nzima, kisha hukuta mbele yake jabali la Rungwe, safu ya Livingstone na milima ya Uporoto, wala hauna njia ila kupanda. Na hewa ipandayo hutanuka, itanukapo hupoa, na ipoapo haiwezi tena kuubeba unyevu wote ilioubeba ilipokuwa chini, ndipo unyevu ule ukageuka ukungu na manyunyu ya siku nzima. Hiyo ndiyo mvua ya mlimani. Ile ya ziwani ni mwana wa joto: hewa yenye unyevu huchemka juu ya nchi iliyopashwa jua, huinuka kwa kasi, hujenga mawingu marefu yenye umeme, kisha huanguka kwa kishindo. Na upepo uliokwisha kuutua mzigo wake upande wa Tukuyu huvuka mlima na kuteremka ukiwa mkavu, na ndiyo sababu Mbeya, na zaidi yake bonde la Usangu, huyatazama mawingu ya Rungwe kama mtu atazamaye karamu ya jirani.

Ardhi inayoipokea mvua hiyo nayo ina habari yake. Mahali ambapo barabara imekata kilima, simama uutazame ukuta wa udongo kwa makini: juu kabisa kuna udongo mweusi wenye mizizi, na chini yake, katika sehemu nyingi za wilaya, utakuta tabaka la vijiwe vya rangi ya manjano iliyofifia, vyepesi kiasi cha kukushangaza unapovitia kiganjani, na vilivyojaa vitundu. Chukua kimoja ukitie katika beseni la maji, nacho kitaelea. Vijiwe hivyo vilitoka kinywani mwa Rungwe kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, katika mlipuko ambao Karen Fontijn, mwanajiolojia kutoka Ubelgiji, aliuchunguza pamoja na wenzake kwa kupima unene wa tabaka hilo mahali pengi na ukubwa wa vijiwe vyake, wakapata hesabu ya kwamba safu ya majivu ilipanda angani zaidi ya kilomita 30. Katika kupima kwao waligundua jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko ukubwa wenyewe wa mlipuko. Milipuko mikubwa kwa kawaida huacha majivu yaliyorefuka upande mmoja, kwa vile upepo huyasukuma. Lakini majivu ya Rungwe yaliuzunguka mlima karibu sawa kwa pande zote, na kutokana na umbo hilo watu hawa waliweza kusema ya kwamba siku ile, miaka 4,000 nyuma, hewa ya Rungwe ilikuwa imetulia, upepo hauvumi. Nimepata kusoma habari nyingi za kale zilizoandikwa na wafalme na waandishi wao, na chache zimenigusa kama hii habari ya siku moja isiyo na upepo, iliyohifadhiwa na mawe.

Jirani ya Rungwe kwa upande wa kusini-mashariki ni Kiejo, mlima mdogo zaidi kwa kimo lakini wenye habari ya karibu zaidi, kwa kuwa ubavuni mwake lilitoka jiwe la moto likatiririka bondeni wakati wa mababu wa mababu wa watu walio hai leo. Vitabu vya volkano vya ulimwengu huliweka tukio hilo kwenye mwaka 1800 hivi. Na ukifuatilia tarehe hiyo inatoka wapi, utafika katika kazi ya D. A. Harkin, mwanajiolojia wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, aliyeandika juu ya volkano za Rungwe mwaka 1960, na nyuma ya tarehe hiyo utawakuta wazee wa Kinyakyusa waliosimulia waliyoyapokea kwa baba zao. Hivyo msomi aliyeketi Tokyo au Washington, akiifungua orodha ya volkano zilizo hai ili ajue Kiejo kimelala tangu lini, huwa analitegemea neno la mzee wa Rungwe, pengine pasipo kujua.

Kulala kwa volkano, hata hivyo, si kufa. Katika mabonde ya Busokelo, chini ya Kiejo na kando ya mto Mbaka, kuna chemchemi zinazotoa mapovu mfululizo. Nyingine ni za moto, na hizo hazimshangazi mtu. Lakini nyingine maji yake ni baridi, nayo yanatokota. Kitokotacho pale si mvuke bali ni hewa ukaa, itokayo katika mawe yaliyoyeyuka chini sana ya ardhi, ikapanda kwa kupenya katika nyufa za bonde la ufa, kwa maana Rungwe imekaa pale pale ambapo matawi mawili ya bonde hilo, la mashariki na la magharibi, hukutana na bonde la Ziwa Nyasa. Hewa hiyo ni safi kiasi kwamba kampuni ya TOL huichimba karibu na Kiejo, huisafisha na kuiuza, na sehemu yake huingia katika vinywaji. Kwa hiyo mtu afunguaye chupa ya soda iliyotikiswa, akaona povu likiruka na kumlowesha mikono, ameona kwa udogo jinsi vijiwe vile vyenye vitundu vilivyozaliwa: hewa iliyofungwa ndani ya kimiminika kwa mgandamizo, mgandamizo ukaondoka ghafla, hewa ikataka kutoka yote kwa mara moja. Katika chupa kimiminika ni maji ya sukari, na katika mlima ni jiwe lililoyeyuka.

Ninaliandika neno hili kwa uzito, kwa kuwa linahusu uhai wa watu. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa tuivutayo, kadiri ya mara moja na nusu, haina rangi wala haitoi harufu ya kuonya, na usiku wa baridi usio na upepo huteremka ikajaa katika vishimo na mabonde madogo; alfajiri hukutwa humo wadudu na ndege waliokufa bila jeraha. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu hupajua mahali pa namna hii na kupaita mazuku, na wapo waliopoteza maisha ndani yake. Watu wengine hutumia koroboi kupima: ikizimika, wanasema, pana hewa mbaya. Ni hekima, lakini haitoshi, kwani mwanadamu huweza kulewa na kuanguka kwa hewa ukaa wakati mwali ungali unawaka. Mtoto achungaye ng'ombe huko Busokelo yafaa afundishwe mapema asiingie katika kishimo chenye ndege waliokufa, hata kumfuata ndama.

Na ni swali hili la hewa ndilo lililonifanya niliangalie Ziwa Ngozi kwa jicho jingine. Ziwa hili limejificha ndani ya kasoko kubwa juu ya milima ya Uporoto, nawe hulioni mpaka uumalize msitu na kufika ukingoni, ndipo likatokea chini yako ghafla, la kijani, limezungukwa na kuta za msitu zilizosimama wima. Wenyeji husimulia nguvu za maji yake, na waganga huyatafuta kwa dawa. Wapo waliosoma ambao huyasikia haya wakayaweka kando. Mimi siyaweki kando, wala siyapokei yalivyo. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni, nalo ni ziwa la kasoko, lilitoa ghafla wingu la hewa ukaa iliyokuwa imekusanyika katika maji yake ya chini kwa muda mrefu, likateremka mabondeni na kuua kiasi cha watu 1,700 usingizini, pamoja na mifugo yao. Sisemi ya kwamba Ngozi ni Nyos. Jambo linaloamua ni kama maji ya chini hupata kupanda na kuchanganyika na ya juu, yakaiachia hewa kidogo kidogo, ama yamefungiwa huko chini yakilimbikiza. Hilo hujulikana kwa kipimajoto na chupa ya kutekea maji ya kina mbalimbali, kazi inayotaka kurudiwa mwaka kwa mwaka. Na watu waliouheshimu ukingo wa Ngozi kwa vizazi vingi, wakaona ya kwamba si mahali pa mchezo, hawakuwa wajinga hata kidogo.

Sasa nafika kwenye kisa ambacho kwa ajili yake hasa nimeiandika sura hii. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama aitwaye kipunji, kima wa msituni mwenye haya, aonekanaye kwa nadra. Wengine walimzungumza kama mnyama wa nyama na damu, na wengine kama kiumbe wa masimulizi aliye nusu katika ulimwengu wa mizimu. Na kwa kuwa katika misitu ile waliishi pia tumbili na mbega wanaofahamika sana, ilikuwa rahisi kwa mgeni kudhani ya kwamba kipunji ni jina jingine tu la mmoja wao. Watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, wakiongozwa na Tim Davenport na wakiwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, walipokuwa wakiichunguza misitu ya Rungwe mwaka 2003 waliyasikia maneno hayo, nao hawakuyadharau. Walimtafuta. Msitu ule ni mzito, miteremko yake ni mikali, na ukungu hufunika vilele vya miti, hivyo kwa muda hawakuona ila kivuli kikirukia tawi. Hata Desemba mwaka ule wakamwona sawasawa, wakajua ya kwamba mbele yao pana kima asiyemo katika kitabu chochote.

Mwaka uliofuata, katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, kilomita 350 hivi kutoka Rungwe, kundi jingine la watafiti akiwamo Trevor Jones lilimwona kima yule yule pasipo kujua habari za wenzao. Na walipotambuana waliandika kwa pamoja, tangazo lao likatoka katika jarida la Science mwezi Mei 2005. Manyoya yake ni marefu, ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, yamfaayo mnyama aishiye mpaka juu ya mita 2,400, mahali ambapo usiku maji huweza kuganda. Uso wake ni mweusi, utosini ana kishungi kilichosimama, na ncha ya mkia ni nyeupe. Sauti yake ni mbweko mzito unaofanana na honi. Kwa umbo walimweka katika jamaa ya mangabei. Lakini mnamo mwaka huo huo mkulima mmoja wa Rungwe alitega mtego kulilinda shamba lake la mahindi, na kipunji mmoja mdogo wa kiume akanaswa na kufa humo. Mwili wake ukawa ndio wa kwanza kufika mikononi mwa wataalamu, nao walipouchunguza mwaka 2006 wakastaajabu: mifupa ya kichwa ilisema jambo moja na chembe za urithi zikasema jingine, kwani kwa chembe za urithi kipunji ni ndugu wa nyani, wala si wa mangabei. Ilibidi apewe jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yenye jina la mlima, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika kutambuliwa tangu mwaka 1923. Baadaye ilionekana ya kwamba vipunji wa Rungwe, tofauti na wale wa Ndundulu, wanabeba pia urithi uliotoka kwa nyani wa manjano, dalili ya kwamba zamani za mbali jamii hizi mbili zilichanganya damu hapo hapo mlimani.

Tafakari, msomaji. Mnyama mkubwa, mwenye sauti ya kusikika mbali, alaye mahindi ya watu, aliishi katika nchi iliyokuwa na misheni ya Wamoraviani tangu mwaka 1891, boma la Wajerumani, kisha dola ya Waingereza, kisha shule na vyuo vya taifa huru. Nchi ambayo mimea yake ilikusanywa kwa bidii na Adolf Stolz wa Kyimbila kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, hata jenasi nzima ya okidi ikaitwa Stolzia kwa heshima yake mwaka 1915. Muda huo wote wawindaji walilitaja jina la kipunji. Kilichokosekana ni mtu wa kuliuliza neno lao hadi mwisho: ulimwona wapi, mwezi gani, alikuwa anakula nini, mkia wake ulikuwaje, na nani mwingine aliyekuwapo. Shahidi akidharauliwa, haki hupotea. Na akiaminiwa pasipo kuhojiwa, hupotea vile vile, kwa kuwa hao hao waliomwona kipunji kwa macho walikuwa wamechanganyika na waliomsikia kwenye hadithi.

Kuchelewa kule kulikuwa na gharama. Hesabu ya kwanza kamili iliyotolewa mwaka 2008 ilipata vipunji 1,117 tu katika ulimwengu wote, na msitu wao ulikuwa umekwisha katwakatwa kwa mbao, mkaa na mashamba. Sehemu ya mlima ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Laiti wawindaji wale wangesikilizwa miaka 50 kabla, nadhani hifadhi hiyo ingalikuta msitu mpana zaidi wa kuuhifadhi.

Nitataja kwa ufupi Ziwa Masoko, ambalo wengi huliita Kisiba, kwa sababu nalo lina simulizi na lina ilimu. Husemwa ya kwamba Wajerumani waliposhindwa katika vita vya 1914 hadi 1918 walizamisha humo fedha na silaha zao, na watu huja kuuliza habari za sarafu hizo hadi leo. Lakini miaka ya 1990 wataalamu wa Kifaransa walizamisha mabomba katika sakafu ya ziwa wakatoa tope lililotuama humo, tabaka juu ya tabaka, kwa zaidi ya miaka 40,000, na ndani yake wakasoma chavua za miti, majivu ya volkano na alama za vipindi vya mvua na ukame. Kwangu mimi hazina ya Masoko ni tope hilo.

Baada ya haya yote nina maombi kwa msomaji aishiye Rungwe, ambaye ana nafasi nisiyokuwa nayo mimi mpita njia. Wewe uchumaye chai Katumba au Mwakaleli, weka mkebe wa pande zilizonyooka mahali pa wazi, upime kila asubuhi kwa rula ya shule mvua iliyoanguka usiku, na kando ya tarakimu uandike kama ilikuja na radi au kimya. Nataka kujua kama ugawaji wa bibi yule husimama mwaka mzima, na ni ipi kati ya mvua hizo mbili inayoijaza mito. Wewe uliye na shamba mpakani mwa msitu, kipunji hula nini miezi ambayo mahindi hayapo, na huja wangapi pamoja? Nawe wa Busokelo, ni vishimo gani mlivyokatazwa na wazazi wenu kuvikaribia, na vilikuwa hivyo tangu lini? Ukimpata mzee anayekumbuka alivyosimuliwa moto wa Kiejo, mwulize ulitokea wakati wa malafyale yupi, yaani chifu yupi, uhesabu vizazi kutoka kwake hadi leo. Na katika kuandika, anza na jina la mzee huyo na la kijiji chake, kisha ndipo liandikwe neno alilolisema.